Meno ya Mtoto na Mama Jirani

Mzazi akikwambia kwamba meno ya mtoto wake yaliyooza hayana neno, maana yatang'oka tu, usimcheke. Wengi wetu tumelelewa na dhana hiyo. Lakini ina gharama, na wanaoilipa ni watoto.

Huko California, Marekani, wapo akina mama wengi waliohamia kutoka Mexico na Amerika ya Kati. Wengine hufanya kazi za mashambani na za usafi, Kiingereza kinawapiga chenga, na mganga wa meno kwao ni wa kuonwa mtoto anapolia. Hapo ndipo wanapoingia wanawake waitwao promotora. Hawa si waganga. Ni majirani, aghalabu wahamiaji pia, waliopewa mafunzo ya afya ili wakafundishe wenzao kwa Kihispania.

Hufundisha nini? Kwanza, chanzo. Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi inayolila jino. Mtoto alalaye na chupa ya maziwa au juisi yumo hatarini zaidi, kwa sababu usingizini mate hupungua, na mate ndiyo husafisha kinywa. Pili, mswaki. Uanze jino la kwanza linapochomoza, mara 2 kwa siku, na dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele. Akitimiza miaka 3, kiasi cha punje ya njegere, mzazi akisimamia.

Kipimo hicho kina sababu. Wakazi wa Arusha wanajua jinsi maji yenye floraidi nyingi yanavyoyafanya meno kuwa ya kahawia. Kidogo hulinda, nyingi huharibu.

Meno ya utotoni, 20 kwa jumla, hushikilia nafasi za yale ya ukubwani. Yakioza, mtoto hali vizuri, halali, na darasani hasikii la mwalimu.

Siri ya promotora ni kwamba hamlaumu mama. Anajua chupa ya usiku hutolewa ili mtoto anyamaze, baba wa zamu ya alfajiri apate usingizi. Basi humshauri ayazimue maziwa kidogo kidogo, hadi chupa ibaki na maji matupu.

Nasi mitaani kwetu tunao wahudumu wa afya ya jamii. Wanapouliza habari za chanjo na uzito wa mtoto, hapana budi waulize na habari za meno. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na jino likishatoboka, ukuta wake haujengeki kwa bei ya mswaki.