Makaburi ya Ubena na mwaka 1863

Ukitaka kulisoma jiwe la kaburi lililofutika, nenda asubuhi jua likiwa bado chini. Mwanga unaopita ubavuni hutia kivuli ndani ya kila herufi iliyochongwa, na jina ulilodhani limepotea huinuka lenyewe. Saa sita mchana huoni kitu. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ukungu wa Juni unaweza kukunyima hata hiyo asubuhi. Basi subiri giza liingie, shika tochi ya simu pembeni mwa jiwe, upige picha.

Wamisionari wa Kilutheri wa Misheni ya Berlin walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, kisha wakasonga hadi Ubena, nchi ya Wabena inayozunguka Njombe. Vituo vyao, kama Yakobi, Kidugala, Lupembe na Ilembula, vingali vinajulikana kwa majina hayo hayo. Mawe ya Kijerumani ya enzi hizo yana lugha yake: nyota ndogo mbele ya tarehe ni kuzaliwa, msalaba mdogo ni kufa. Hati yao nzito yenye pembe ina aina ya s ndefu inayofanana mno na f, kwa hiyo anayenakili haraka humpa marehemu jina lisilo lake. Nakili umbo unaloliona kwanza, tafsiri baadaye.

Lakini jiwe humwambia msomaji pia nani alikuwa na fundi wa kumchongea. Septemba 1905 Vita vya Maji Maji vilifika Yakobi. Wapiganaji wa Kingoni na Kibena waliishambulia misheni, na mmisionari Paul Gröschel akajihami humo pamoja na waumini wake. Waliouawa wakishambulia hawakuchongewa chochote. Songea, ambako mashujaa zaidi ya 60 wa vita hivyo hivyo walinyongwa tarehe 27 Februari 1906, kaburi lao la pamoja leo lina makumbusho na kumbukumbu ya kila mwaka. Songea imeonyesha kwamba kaburi linaweza kupewa heshima yake hata baada ya miaka mingi.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliacha pengo kubwa zaidi. Tarehe 26 Novemba 1916 kikosi cha Wajerumani kilisalimu amri kwa Waingereza huko Ilembula, si mbali na barabara iendayo Mbeya kutoka Makambako. Nyuma ya majeshi yote mawili walitembea wapagazi, vichwani wamebeba unga na risasi, wakifa kwa njaa, kuhara na homa zaidi kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao upande wa Waingereza. Tume ya Uingereza iliyoundwa mwaka 1917 kutunza makaburi ya vita iliahidi usawa kwa kila aliyekufa, bila kujali cheo. Aprili 2021 ripoti ya tume hiyo hiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Naiona hesabu hiyo kila ninapopita Makambako, kwa kuwa nyanda hizi zilikuwa njia ya wapagazi hao.

Sasa sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo na maziko ya kabla ya 1863. Makaburi ya minara ya Kaole na Kunduchi yamo ndani ya mstari huo. Makaburi ya misheni za Ubena, yote ya baada ya 1891, yako nje yake mpaka waziri ayatangaze. Kwa hiyo mlinzi wake wa kwanza ni usharika na ukoo.

Na ulinzi wenyewe huharibu mara nyingi, kwa nia njema kabisa. Familia inapojengea kaburi la babu, fundi huweka vigae juu ya jiwe la zamani, maandishi yakabaki chini ya saruji. Mwingine husugua kwa brashi ya waya na jiki ili jiwe ling'ae kabla ya Pasaka. Ngozi ya juu ya jiwe hutoka pamoja na herufi. Maji matupu na brashi laini vinatosha, na yale madoa ya kijivu yanayoota juu ya jiwe ni heri kuyaacha kuliko kuyakwangua. Ukitaka kaburi jipya la vigae, lijenge, ila lile jiwe la kale lisimamishwe wima kichwani pake, uso wake wazi.

Kwa kaburi lisilo na jiwe, kazi ni ya haraka zaidi. Mwombe mzee anayejua nani alizikwa wapi akupeleke kwa miguu yake, akitaja jina na mwaka anaoukumbuka, nawe uandike hapo hapo, upige picha ya mti au mwamba ulio jirani, uchukue alama ya mahali kwenye simu. Nakala moja ibaki nyumbani, ya pili ofisi ya kijiji, ya tatu kwenye kabati la usharika.