Nani amsemee mzee aliyesahau jina lake?

Hebu fikiria, msomaji, kwamba mama yako akiwa na akili timamu alitia sahihi karatasi akisema: siku nitakaposhindwa kuwatambua wanangu, daktari anisaidie nife. Miaka inapita. Sasa hakutambui, lakini anakula vizuri, anacheka, anaimba nyimbo za kanisani. Utamsikiza mama yupi? Yule aliyetia sahihi au huyu anayeimba?

Jambo hili lilifika kortini nchini Uholanzi, ambako sheria ya kuwasaidia wagonjwa kufa ilianza kutumika 2002. Mnamo 2016, mama wa miaka 74 mwenye maradhi ya Alzheimer, yale yanayofuta kumbukumbu, alitiliwa dawa ya usingizi katika kahawa bila ya kuambiwa. Wakati wa sindano ya mwisho aliinuka, na jamaa zake wakamshikilia hadi daktari akamaliza. Alikuwa ameacha maandishi ya kuomba kifo, lakini humo humo alisema wakati angeuchagua mwenyewe. Mahakama ya The Hague ilimwachilia daktari huyo Septemba 2019.

Mkoa wa Quebec, nchini Canada, nao uliruhusu maombi ya mapema kuanzia Oktoba 30, 2024. Huko mgonjwa hueleza, angali na fahamu, dalili atakazotaka zizingatiwe. Lakini karatasi peke yake haitoshi: ni lazima ionekane anateseka, na akikataa siku hiyo, hata kama amesahau aliandika nini, kukataa kwake kuheshimiwe.

Sheria ya jinai ya Canada inawataja maafisa wa huduma za jamii kwa jina la kazi yao: kumweleza mtu habari za msaada huo si kosa. Ndio wanaoketi na familia jikoni, daktari akishaondoka. Na hawasemi kwa sauti moja. Wapo wanaoshikilia kwamba msingi wa kazi yao ni haki ya mtu kujiamulia, na ugonjwa usimpokonye haki hiyo. Wengine husema kazi yao hiyo hiyo ni kumlinda asiyeweza kujitetea.

Hawa wa pili wana swali ambalo mimi naona ni zito zaidi. Mzee akisema, "Sitaki kuwa mzigo," nani alimfanya ajione mzigo? Huenda binti ameacha kazi ili amtunze, au nafasi katika makao ya wazee haipatikani. Ombi la kufa laweza kuwa ombi la msaidizi wa kumwogesha mara tatu kwa juma. Afisa mwema huutafuta msaada huo kwanza, kisha huuliza tena.

Hapa Kenya kifungu cha 225 cha sheria ya jinai kinatoa adhabu ya hadi kifungo cha maisha kwa anayemsaidia mwingine kujiua. Januari 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 226 kilichomwadhibu aliyejaribu kujiua, lakini kesi hiyo haikukigusa cha 225. Hata hivyo mzazi aliyeanza kusahau anaweza kuulizwa leo, angali anajibu: angependa kutunzwa wapi, na nani azungumze na madaktari kwa niaba yake? Muulizeni ndugu wote wakiwapo, hasa yule ambaye ndiye atakayemwogesha.