Kila moto na kizimamoto chake: kambi yenu inahitaji kipi?

Moto ukitokea kambini, mtu wa kwanza hukimbilia ndoo ya maji. Kama kinachowaka ni godoro, kuni, makala au nguo, amefanya vizuri. Lakini kama ni esanse iliyomwagika karibu na jenereta, maji yatafanya kinyume. Esanse ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea juu yake huku ikiwaka na kutiririka nayo mpaka hema linalofuata. Mtu aliyekuja kusaidia anaonekana kama ndiye aliyeeneza moto. Na pale ambapo watu wa vijiji na makabila mbalimbali wanaishi wakigusana, tunajua kinachofuata: kesho yake wanaanza kuulizana ni nani, na alitumwa na nani.

Ndiyo maana tunazungumza juu ya vizimamoto katika gazeti la amani. Wengi wetu tumezoea kusema ekstenkteri. Ni kitu kile kile. Kamati ya kambi, shule au kituo cha afya hupata mtungi mwekundu, wakautundika ukutani, na basi. Lakini mitungi karibu yote ni myekundu. Tofauti ni kilicho ndani, na hicho hukijui mpaka usome.

Kwenye mtungi ulioandikwa kwa Kifaransa utaona moja ya maneno haya: eau, yaani maji, mousse, yaani povu, poudre, yaani unga, au CO2, hewa ya kaboni. Kando yake kuna herufi. A ni moto wa vitu vigumu vinavyoacha majivu: mbao, nguo, karatasi, magodoro, makala. B ni moto wa vitu vya majimaji kama esanse, mazuti na mafuta ya taa. C ni gesi ya kupikia. F ni mafuta ya kukaangia yaliyoshika moto. Umeme hauna herufi yake. Maandishi yatasema kama unaweza kuutumia mtungi huo kwenye vyombo vya umeme, na mpaka volti ngapi. Mahali ambapo watu hupokea vitu vya msaada kutoka nchi nyingi, jihadharini: mtungi wa kutoka Marekani unafuata utaratibu mwingine. Huko C ni umeme, gesi imo ndani ya B, na mafuta ya kukaangia ni K. Kwa hiyo usiangalie herufi peke yake, angalia na michoro midogo iliyo pembeni.

Kamati ikiwa na pesa za mtungi mmoja tu, sisi tungewashauri wanunue wa unga wenye herufi zote tatu, ABC, wa kilo 6. Unazima turubai na mbao, esanse, gesi, na unaweza kutumika kwenye jenereta inayofanya kazi. Msikubali ule ulioandikwa BC tu, hata kama bei yake ni nzuri, maana kwa magodoro na kuta za mbao haufai, na kambini hivyo ndivyo vinavyowaka zaidi. Unga una ubaya wake. Unachafua kila kitu, unakausha koo, unaharibu mashine. Tena hauleti ubaridi: godoro au gunia la makala lililozimwa kwa unga linaweza kuwaka tena baada ya muda, kwa hiyo moto ukishalala mwagieni maji mengi, ikiwa hakuna umeme wala esanse karibu.

Mtungi wa CO2 unafaa ofisi yenye kompyuta, chumba cha redio, au friji ya chanjo, kwa sababu hauachi uchafu. Nje hauna maana kubwa, upepo unaichukua hewa yake yote. Ndani ya chumba kidogo kilichofungwa unafukuza hewa tunayopumua, kwa hiyo tumia, toka, funga mlango. Usishike pembe inayotoa hewa, baridi yake inachoma ngozi kama moto. Povu ni zuri kwa esanse na kwa mbao, lakini si kwa umeme, isipokuwa mtungi umeandikwa kwamba unaruhusiwa.

Kwa mama anayekaanga mandazi tunasema jambo moja hasa: mafuta yakishika moto, usimwage maji. Maji yanazama chini ya mafuta ya moto, yanageuka mvuke ghafula na kurusha mafuta yanayowaka usoni mwako na juu ya turubai. Funika sufuria kwa mfuniko, au kwa kitambaa kizito kilicholoweshwa na kukamuliwa vizuri. Usiinue sufuria kuikimbiza nje. Toa makala chini ya mbabula kama unaweza bila kuungua, kisha uiache imefunikwa mpaka ipoe kabisa. Ukifunua mapema inawaka upya. Mfuniko huo ndio kizimamoto cha bei ndogo kuliko vyote, na hauna budi kuwa karibu na mkono wako kabla ya kuwasha.

Kwa gesi, funga kwanza kichwa cha chupa. Ukizima ndimi za moto huku gesi ikiendelea kutoka, inajaa ndani na inangoja cheche. Kama huwezi kukifikia kichwa, watoe watu.

Na kuna moto ambao hakuna mtungi wa mkononi unaouweza. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, kati ya Bukavu na Uvira, lori la mafuta lilipinduka ndani ya kijiji. Watu walikuja kuchota esanse iliyokuwa ikimwagika. Lilipowaka lilichukua roho zaidi ya 230, wakiwemo watoto, na watu waliokuwa wamekaa kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Lori la mafuta likianguka, kazi ya kiongozi si kutafuta ekstenkteri wala kupanga foleni ya madumu. Ni kuwaondoa watu mbali, upande ule upepo unakotoka, na kukataza sigara, simu na injini.

Sasa namna ya kutumia. Mtungi wa unga wa kilo 6 unakwisha kwa sekunde kama 20, au pungufu. Hakuna muda wa kujifunza moto ukiwa unawaka. Simama upepo ukiwa mgongoni, na njia ya kukimbilia iwe nyuma yako. Chomoa pini. Kaa mbali kama mita 3, lenga chini pale moto unapoanzia, si kwenye ndimi, bonyeza, upeleke huku na huku kama mtu anayefagia. Kama ni esanse, usikaribie mwanzoni, nguvu ya mtungi inaweza kuirusha. Moto ukiwa umeshapita kimo chako, au moshi umejaa ndani, acha. Hakuna turubai lenye thamani ya mtu.

Turudi kwenye jambo linaloleta ugomvi: mtungi uko wapi, na ufunguo ni wa nani? Tunaelewa kwa nini kamati huufungia ofisini. Vitu vinaibiwa. Lakini mtungi uliofungiwa nyumbani kwa mkubwa, usiku, ni mtungi wa mkubwa na jirani zake. Watu wa upande wa pili wa kambi wakiungua, hawatasema ufunguo ulichelewa, watasema walinyimwa. Bora uwekwe mahali pa wazi, karibu na zamu ya usiku, na wachaguliwe watu wa kuutumia kutoka kila sehemu, wanawake kwa wanaume, na wawili watatu kutoka kijiji cha wenyeji. Wenyeji wana haki ya kuukimbilia mtungi huo nyumba zao zikiwaka. Mkubaliane hivyo mbele ya chifu, mapema.

Kuna na swali gumu zaidi. Moto ukiwa umeshika safu ya mahema, njia ya kuukata ni kubomoa hema ambalo bado halijaungua. Hema la nani? Utaratibu wa makambi unataka nafasi ya mita 2 au zaidi kati ya nyumba na nyumba, na uwanja mtupu wa mita 30 kila baada ya mita 300, lakini kila mmoja wetu anajua jinsi watu wanavyobanana wageni wapya wanapofika. Kwa hiyo itabidi kubomoa, na mtu atakayebomolewa anaweza kuamini kwamba amechaguliwa kwa ajili ya kabila lake. Kikao cha kambi kikate shauri hilo kabla ya kiangazi cha mwezi wa sita: nani anatoa amri, na kwamba aliyebomolewa ndiye wa kwanza kupewa turubai jipya. Liandikwe, lisomwe kwa sauti.

Ndoo za mchanga mkavu na mapipa ya maji yawepo pia, maana mtungi mmoja hautoshi kambi nzima. Mchanga unafaa kwa esanse kidogo iliyomwagika. Penye mawe ya volkano, kama pembeni ya Goma, mchanga hauokotwi mlangoni, inabidi uletwe. Uletwe mapema na ufunikwe, usigeuke choo cha mbuzi.

Kila mwezi mtu mmoja autazame mtungi. Sindano ya kipimo iwe kwenye rangi ya kijani, pini iwe na kifungo chake, mpira usiwe umepasuka, chuma kisiwe na kutu. Mtungi wa CO2 hauna kipimo hicho, unapimwa kwa mizani na kulinganishwa na uzito ulioandikwa juu yake. Na mtungi uliofunguliwa hata kwa sekunde mbili, kwa majaribio au kwa mchezo wa watoto, nguvu yake huvuja polepole. Usirudishwe ukutani kabla haujajazwa tena.