Katriji isiyo na jina: Isome kwanza, kisha ipange bei

Mfanyabiashara wa vifaa vya elektroniki vilivyotumika huijua hali hii. Amefungua boksi, amekuta kompyuta ya zamani na, pembeni yake, kidude cha plastiki chenye meno ya shaba upande mmoja. Hakina jina la kiwanda. Lebo ni kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu, na wino umefifia. Kompyuta ina mnunuzi wake. Kidude je, kiende rafuni au kwenye chakavu?

Kidude hicho ni katriji, na kwa dalili hizo huenda ilitengenezwa nyumbani. Tuchukue mfano wa Commodore 64, kompyuta ya Marekani iliyoanza kuuzwa mwaka 1982 kwa dola 595. Programu zake nyingi zilihifadhiwa kwenye diski au kwenye kaseti kama zile za muziki, na programu kubwa ya kaseti iliweza kuchukua dakika kadhaa kufunguka. Katriji ilifunguka papo hapo. Ndiyo maana mafundi wa majumbani, Ulaya na Marekani, walinunua chipu tupu za EPROM, wakaziandika programu na kuzilehemu kwenye bodi ndogo. Kampuni ilifilisika mwaka 1994, lakini kazi za mikono yao bado zinazunguka sokoni.

Utambuzi huanza na meno. Katriji ya Commodore 64 na ya mtangulizi wake, VIC-20, zote zina meno 44, yaani 22 kila upande. Tofauti ni nafasi kati ya jino na jino: milimita 2.54 kwa ya kwanza, 3.96 kwa ya pili. Rula inatosha kukuonyesha unashika ipi.

Kisha fungua kasha. Chipu iliyoandikwa 2764 hubeba kilobaiti 8, na 27128 hubeba 16. Mara nyingi kuna pia tarakimu nne za tarehe: 8532 ni wiki ya 32 ya mwaka 1985. Hiyo ni tarehe ya chipu, si ya katriji, ila inakuhakikishia kwamba katriji haikuundwa kabla ya hapo.

Ukiona kijidirisha cha kioo juu ya chipu, kifunike mara moja kwa karatasi isiyopitisha mwanga. Chipu hizi hufutwa kwa miale ya urujuanimno, na takriban wiki moja ya jua la moja kwa moja inatosha kuondoa kila kilichoandikwa. Anayeianika kwenye meza ya barabarani anauza chipu tupu bila kujua.

Usikimbilie kuichomeka. Pima kwanza kwa mita kuhakikisha njia ya volti 5 haijagusana na ya ethi. Pima pia adapta ya kompyuta yenyewe, kwa kuwa zile za asili zinajulikana kwa kuharibika na kupandisha volti hadi kuunguza chipu za kumbukumbu. Kisha chomeka katriji kompyuta ikiwa imezimwa.

Njia salama zaidi ni kumpelekea fundi mwenye kifaa cha kusomea EPROM. Atanakili yaliyomo kwenye faili, kisha aangalie baiti tano zinazofuata nne za kwanza. Akikuta C3 C2 CD 38 30, hiyo ni alama ya CBM80, ambayo Commodore 64 huitafuta inapowashwa ili iianzishe katriji. Kwa VIC-20 alama huanza na A0, ikifuatiwa na CBM.

Kukosekana kwa alama hakumaanishi kwamba chipu ni tupu. Commodore 64 ikiwaka bila katriji, skrini husema baiti 38911 ziko wazi. Ikisema 30719, kuna kitu kimeshika nafasi ya kilobaiti 8, hata kama hakijianzishi.

Hatua ya mwisho ni kulinganisha faili na programu zinazojulikana. Ikifanana na gemu maarufu, unacho kinakili tu, na mnunuzi aambiwe hivyo. Isipofanana na chochote, huenda ni programu ambayo mtu aliiandikia duka lake au darasa lake, na nakala pekee iliyobaki ndiyo hiyo uliyoishika. Ikishayeyushwa kwa ajili ya shaba, hakuna kiwanda cha kuagiza nyingine.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika boksi lilitoka wapi, usibandue lebo hata kama haisomeki, piga picha bodi pande zote mbili, na usiitenganishe katriji na karatasi au kaseti ulizoikuta nazo. Mnunuzi anayejua anachotafuta atauliza hayo kabla ya kuuliza bei.