Nishani za Kweli, Hadithi ya Uongo

Mwalimu mmoja wa historia, ambaye miaka mingi iliyopita alikuwa mwanafunzi wangu, alinijia hivi majuzi na kifurushi cha mahameli. Ndani yake mlikuwa na nishani tatu za Kijerumani zilizoshonwa kwenye upau mmoja, kama walivyozivaa wanajeshi wa zamani wa nchi hiyo kifuani. "Mwalimu," aliniambia kwa bashasha, "hizi ni za afisa aliyepigana Tanga mwaka 1914. Ndizo alizozivaa siku Jenerali von Lettow-Vorbeck aliposalimu amri kule Abercorn, Novemba 1918." Yeye na walimu wenzake walikuwa wamechanga fedha wakamlipa muuzaji wa vitu vya kale, na kadi ya maelezo ilikwisha kupigwa chapa, tayari kuwekwa katika kabati la shule.

Nilizitazama. Ya kwanza ilikuwa Msalaba wa Chuma wa daraja la pili. Ya pili, Msalaba wa Heshima wa Vita vya Dunia. Ya tatu ilikuwa medali ya makoloni, iliyoasisiwa na Kaisari Wilhelm wa Pili mwaka 1912, na juu ya utepe wake palikuwa na kipande chembamba cha madini kinachotaja Afrika Mashariki ya Kijerumani na miaka 1905/07.

Huo Msalaba wa Heshima ndio uliotangulia kunishtua. Uliasisiwa na Rais Paul von Hindenburg mwezi Julai 1934, wiki chache kabla hajafariki. Ni afisa gani basi aliyeuvaa Abercorn miaka kumi na sita kabla haujabuniwa? Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi mno.

Mwenzangu hakukubali kushindwa upesi, na alikuwa na haki. Yamkini, alisema, muuzaji alitia chumvi tu. Afisa mwenyewe alirejea kwao, akaishi hadi 1934, ndipo akazishona pamoja. Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa. Tukaketi, tukazichunguza moja moja.

Msalaba wa Chuma wa mwaka 1914 una herufi W, taji na mwaka huo upande mmoja. Upande wa pili una majani ya mwaloni, herufi FW na mwaka 1813, ambao ndio mwaka nishani hiyo ilipoasisiwa na Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu wa Prussia. Aghalabu umeundwa kwa vipande vitatu: kiini cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi, na nusu mbili za fremu ya fedha zilizolehemiwa pamoja kukizunguka. Wenye kughushi hupenda kuumimina wote kwa mkupuo mmoja katika kalibu. Kwa hiyo mtu hutafuta kwa lenzi ule mstari ambapo kiini hukutana na fremu, na vitundu vidogo vya hewa ambavyo kalibu huacha. Kisha husogeza sumaku katikati. Wetu uliivuta sumaku, na mstari ulionekana barabara. Ulikuwa msalaba halisi. Hata zile nyingine mbili sikuziona dosari.

Tatizo lilikuwa ujirani wao. Msalaba wa Chuma ulining'inia kwenye utepe mweusi wenye mistari myeupe, ambao ni wa wapiganaji; wasiopigana walipewa mweupe wenye mistari myeusi. Lakini Msalaba wa Heshima uliokuwa kando yake haukuwa na panga. Wenye panga ulikuwa wa waliopigana. Usio na panga ulikuwa wa waliotumikia vita bila kufika mstari wa mbele. Na mweusi ulitolewa kwa wajane na wazazi wa waliouawa. Mtu yuyo huyo, utepe wamwita mpiganaji ilhali msalaba wa pili wakana! Yawezekana palitokea kosa la karani, sikatai. Ila shaka ilikwisha kuingia.

Nikaazima taa ndogo ya kukagulia noti kutoka duka la jirani, ile itoayo miale ya urujuanimno. Kemikali za kung'arisha nguo zilianza kuenea viwandani katika miaka ya 1940, na uzi wenye kemikali hizo humeremeta buluu chini ya taa. Lakini msomaji atahadhari: hata kitambaa cha kale kikifuliwa kwa sabuni ya unga ya siku hizi humeremeta vivyo hivyo, kwa hiyo taa peke yake haitoshi kumtia mtu hatiani. Lau upau wetu ungekuwa umefuliwa, ungemeremeta wote. Tepe zilibaki gizani. Nyuzi za mshono ndizo zilizowaka, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mwenzangu alinyamaza kitambo. Tepe kuukuu, nishani halisi, mshono mpya.

Kinachorahisisha ulaghai huu ni kwamba nishani za Kijerumani za aina hii hazikuandikwa jina la mwenyewe. Waingereza katika vita hivyo hivyo waligonga ukingoni mwa medali zao namba, jina na kikosi, hivi kwamba medali ya askari wa King's African Rifles yaweza kulinganishwa na daftari la jeshi. Mjerumani alipewa cheti kando. Cheti kikipotea, nishani hubaki bubu, na mwamba ngoma ngozi huivutia kwake: muuzaji hukusanya tatu kutoka kwa wafu watatu wasiojuana, akawashonea maisha mamoja.

Na kwa nini Tanga, kwa nini 1905/07? Kwa sababu Afrika hupandisha bei. Kile kipande chembamba kinahusu Vita vya Maji Maji, ambavyo pamoja na njaa iliyofuata viliangamiza watu wanaokadiriwa na baadhi ya wanahistoria kufikia 300,000. Medali yenyewe huwasifu mashujaa wa heshima ya Ujerumani. Sioni ubaya wowote wanafunzi kuyaona maneno hayo. Naona ubaya wakiyaona chini ya jina la afisa ambaye hakuwapo.

Ziko njia nyingine za kumtambua mwanajeshi asiye na karatasi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani ya Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wa Kiafrika mishahara waliyokuwa wakiidai tangu vita hivyo, wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza. Wachache tu walikuwa na vyeti. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu. Mwenye kulipa akamkabidhi kila mzee ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Muuzaji amekataa kurejesha fedha. Nishani zimewekwa kabatini hata hivyo, na ile kadi imechanwa. Mwenzangu hakuandika nyingine; kando ya upau ameweka lenzi, sumaku na taa, na kila darasa likiingia huulizwa kwanza mtu huyu alikuwa nani.