Upasuaji wa Kidole Gumba: Tutarajie Nini?

Mkulima wa viazi au mfugaji hapa Uyole hafanyi kazi bila kidole gumba. Jembe, ndoo, kisu cha kumenyea na hata ukamuaji wa ng'ombe hutegemea nguvu zake. Kiungo kilicho chini ya kidole hicho, karibu na kifundo cha mkono, kikisagika, kazi hizo zote huwa za maumivu. Wanaopatwa zaidi ni akina mama wa makamo na wazee. Kamati za sharika zinapoombwa kuchangia matibabu, ni vema zijue upasuaji huleta nini.

Hatua ya kwanza si kisu. Banzi la kutuliza kidole, mazoezi na dawa za maumivu huwasaidia wengi. Upasuaji hufikiriwa pale njia hizo zinaposhindwa.

Upasuaji uliozoeleka ni kuondoa mfupa mdogo uitwao trapeziamu, unaosuguana na mfupa wa kidole. Daktari W. H. Gervis aliueleza nchini Uingereza mwaka 1949. Baadaye zilikuja njia nyingine, kama kujaza nafasi iliyobaki kwa kano ya mgonjwa mwenyewe. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015, yenye tafiti 11 na wagonjwa 670, hayakuona njia iliyo bora kuliko nyingine kwa maumivu wala kwa matumizi ya mkono. Hivyo njia rahisi isidharauliwe.

Wagonjwa wengi hupata nafuu kubwa ya maumivu, lakini si mara moja. Mkono hufungwa kwa wiki 4 hadi 6. Kazi nzito husubiri miezi 3 au zaidi, na nguvu huendelea kurudi hadi mwaka mzima. Wachache hubaki na ganzi au maumivu.

Kwa hiyo tunashauri kamati:

1. Mgonjwa aanzie Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, apimwe na aulize gharama.

2. Upasuaji upangwe baada ya mavuno, Juni au Julai, ili mkono upone kabla ya kupanda mwishoni mwa mwaka.

3. Bajeti ihesabu nauli za kurudi kliniki na msaada wa vibarua shambani.

Tukilipia upasuaji tukasahau shamba, mgonjwa atashika jembe kabla ya wakati, na mchango wetu utapotea.