Tone Moja la Mwanga

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Mvua hii ya Kaberebere haituachi kwenda popote. Mnasikia bati linavyolia? Tukiweka ndoo nje usiku kucha, asubuhi tutajua maji yote yaliyoanguka. Lakini tone moja lilikuwa kubwa kiasi gani? Ndoo haiwezi kutuambia.

Hata mwanga huweza kuja hivyo: zipo leza, yaani mashine za mwanga mkali, zinazoutoa kwa matone. Mzee akitolewa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi ya bandia, pengine baada ya miezi au miaka utando ulio nyuma ya lenzi huingia ukungu. Daktari huufungua kwa leza iitwayo YAG, bila kisu. Kila pigo la mwanga hubeba milijouli chache tu. Jouli 1 ni takriban kazi ya kuinua ndizi ya gramu 100 kimo cha mita 1. Milijouli ni sehemu 1 ya 1,000 ya kazi hiyo. Mtasema ni kidogo. Lakini milijouli 2 zikitoka zote ndani ya nanosekunde 4 (sekunde 1 ina nanosekunde bilioni 1), nguvu yake kwa muda huo ni wati 500,000. Ni kama balbu 100,000 za wati 5, zile za sola mnazosomea kule Nakivale, ziwake kwa pamoja! Pigo likizidi, lenzi huchimbika vishimo. Likipungua, utando haufunguki. Kwa hiyo lazima lipimwe.

Lipimwe kwa kitu gani? Theodore Maiman alipowasha leza ya kwanza mwaka 1960 huko California, wataalamu wa siku zile walihesabu nyembe za Gillette ambazo pigo moja lilitoboa. Jicho la bibi halipimiwi nyembe.

Leo hutumika vihisi. Kwanza kuna kihisi cha termopaili: kisahani cheusi kinachomeza mwanga, kikapata joto, na joto hilo likazalisha umeme kidogo. Ni kigumu, lakini hujibu taratibu, kwa sekunde. Mapigo yakija mengi mfululizo, kinakupa wastani wake. Hicho ndicho kilicho kama ndoo yetu. Pili kuna fotodayodi, nyepesi mno kuhisi, inayofaa mwanga hafifu kuliko huu.

Ninachokipenda mimi ni kihisi cha tatu, kwa sababu ya hadithi yake. Zamani Waholanzi walitoa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, jiwe la turmalini. Walipoliweka karibu na moto, lilivuta majivu! Wakaliita kivuta majivu. Joto la jiwe hilo likibadilika, umeme hutokea kwenye nyuso zake. Fuwele zenye tabia hiyo ndizo moyo wa kihisi cha pairoelektriki: pigo moja likitua, joto linapanda ghafla, umeme unajitokeza, namba inasomeka. Fuwele inapoa, inangoja pigo lingine. Mwanga usiokatika haiuoni kamwe, maana hakuna badiliko.

Basi fundi wa vifaa vya hospitali kule Mbarara akitaka kupima YAG, achague kihisi hicho cha pairoelektriki, chenye uso mpana kuliko mwanga wenyewe. Wala asikiweke pale miali inapokutana, maana nguvu yote ikibanwa kwenye nukta moja itauunguza uso wake. Akirudishe nyuma kidogo, mwanga utanuke, avae miwani ya kinga, ndipo abonyeze mara moja. Tone moja, namba moja. Abonyeze tena, alinganishe.